Kiti cha Mbele, Kushoto Kabisa

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi
nafunga kisiagi saa kumi na moja,
napangusa unga kwenye nyusi, siumalizi,
natembea kutoka Kaptembwo
hadi ukumbi ulio nyuma ya duka la vipuri.
Zamani ulikuwa ghala la pareto.
Hata leo, mvua ikinyesha,
kuta zinatutia chafya.

Viti sitini na viwili. Nilivihesabu
usiku ule piano ilipokwama mlangoni.
Bi. Wairuri wa tiketi haniulizi tena;
anajua sikio langu la kushoto lilikwenda na mashine,
miaka kumi na tisa ya mkanda na chuma,
basi ananiwekea kile cha mbele, kushoto kabisa,
ili sikio zima liwaelekee wapigaji.
Tromboni ikinyooshwa
hunikosa goti kwa upana wa kidole.

Mke wangu husema jazi ni magitaa,
jazi ni kina baba wa suruali pana,
watu wakicheza hadi vumbi liombe msamaha.
"Wanaimba nini huko kwenu?"
Hawaimbi.
"Kwa hiyo ulilipa mia tano wakunyamazie?"
Nikanawa mikono, nikala.

Jibu lipo, ila ni refu kuliko ugali.

Ijumaa iliyopita Rispa Adongo alishika saksafoni
kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani,
kwa uangalifu wa kitu cha kurudishwa,
na kweli, ilikuwa ya kuazima.
Makokha kwenye besi, macho kayafumba.
Tuwei alizigusa ngoma kwa brashi,
polepole, kama anayefagia chumba
ambamo mgonjwa ndiyo kwanza kapata usingizi.

Rispa akapanda, akapanda,
akafika juu, akakanyaga hewa.
Noti ikavunjika.
Sote tuliisikia, hata mimi wa sikio moja.
Nyuma yangu mtu alivuta pumzi
akasahau kuitoa.

Mimi ni mtu wa mashine. Najua
jiwe likilia vibaya unazima upesi,
unafungua, unatafuta msumari kwenye mahindi,
unamwomba mwenye gunia radhi.
Yeye hakuzima.
Alichekea puani, akarudi palepale,
akaipiga tena ileile, mbovu, makusudi;
akaipiga ya tatu, Makokha akafumbua macho
akaitandikia sakafu chini yake,
Tuwei akaibishia hodi,
na ya nne
ilikuwa tayari na nyumba.

Sitadanganya: sikio la kushoto
halikusikia chochote. Hakuna muujiza.
Ila mbao za ukumbi ule ni kuukuu,
na besi ilipita ubao kwa ubao,
ikapanda soli ya kiatu, ikakaa gotini,
mahali ninapojulia kila siku
kama kinu kina njaa au kimeshiba.

Mwishoni wapigaji walikunja viti wenyewe.
Nilikuwa na maneno ya kumwambia Rispa,
nimeyapanga vizuri tangu ile noti ya nne.
Nikasema, "Pole kwa kazi."
Akasema, "Asante, mzee.
Una unga kwenye nyusi."

Asubuhi ya Jumamosi, debe la kwanza,
mkanda uliteleza ukaanza kupiga bati:
ta, kimya, ta-ta, kimya.
Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi.
"Mzee, zima! Unga utaungua!"

Nikazima, bila shaka. Unga ni wa watu.
Lakini nilichelewa kidogo,
mapigo manne,
labda matano.